Nne ya Mama Pasi

Mguu wenyewe haukuwa na kitu, na hilo ndilo lililomuudhi Bosi kuliko yote. Aliuinamia pale kwenye chumba cha nyuma cha duka lake la dobi, miwani imemshuka hadi ncha ya pua, akaugeuza huku na huku kama anavyogeuza suruali ya mteja mkorofi anayedai imechanikia dukani. Akatazama unyayo. Akatazama kati ya vidole. Akabonyeza kisigino kwa kidole kimoja, na Mama Pasi akaruka nusura apindue ndoo ya wanga.

"Sioni doa," alisema Bosi.

"Si doa, Bosi. Ni moto."

"Moto unaacha alama, mama. Mimi miaka ishirini niko kwenye dobi, moto naujua. Huu mguu ni mzima kuliko wangu."

"Basi tubadilishane."

Wasichana wa kufungasha walichekea ndani ya mashuka waliyokuwa wakiyakunja. Bosi hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, na kila mtu pale alijua kwamba Bosi akifuta miwani basi kuna mtu anafutwa.

"Sikia, mama. Meza ya kwanza ni ya mtu anayesimama. Wewe siku hizi shati mbili, unakaa. Shati moja, unakaa. Nakupa hadi mwisho wa mwezi ujao. Ukisimama, meza yako. Usiposimama utahamia kwenye vikaratasi, na mshahara wa vikaratasi unaujua."

Aliujua. Ulikuwa mshahara wa mtu anayeishi kwa mama yake. Yeye hakuwa na mama tena, alikuwa na mume fundi viatu katika zama ambazo watu wanavaa plastiki, ikikatika wanatupa. Meza ya kwanza, ile ya suti na majoho na magauni ya mikunjo mia, ndiyo iliyokuwa ikilipa pango la vyumba vyao viwili kwa miaka kumi na miwili.

Na hivyo vikaratasi navyo, kwa taarifa yako, aliyevianzisha ni yeye. Kila nguo iliyoingia ilifungwa kikaratasi kilichoandikwa kasoro zake zote kabla haijaguswa na maji: doa la mafuta kifuani, kifungo cha tatu hakuna, kola imeliwa. Mama Pasi alikuwa na sheria moja, hazidishi wala hapunguzi. Doa dogo aliliandika dogo hata kama mwenye nguo alikuwa na mdomo mkubwa. Wateja waliokuja kugomba walionyeshwa kikaratasi, wakaona mwandiko wake, wakanyamaza. Ndiyo maana ilimchoma sana, zaidi ya mguu, kuwa sasa yeye ndiye aliyeonekana anasingizia doa.

Maana moto ulikuwapo. Nyayo zote mbili ziliwaka tangu asubuhi, kama amesimama juu ya bamba la pasi iliyosahauliwa. Wakati mwingine zilipigwa shoti. Wakati mwingine alijifunika shuka, na shuka ile ile aliyoinyoosha kwa mkono wake ikamkwaruza kama msasa.

Nyumbani walikuwa na kipimo chao. Pale juu ya kabati kulikuwa na pasi kuukuu aliyopewa na Bosi ilipochoka, na gurudumu la joto la pasi ile lilikuwa na nukta: moja hariri, mbili sufi, tatu pamba, nne kitani. Jioni mumewe alikuwa akiuliza, "Iko wapi leo?" naye akijibu, "Sufi," au "Pamba." Miezi hii ya karibuni jibu lilikuwa moja tu. Kitani. Mumewe alikuwa akitikisa kichwa, anaenda kwenye kiti chake, anamshonea ndala nyingine laini zaidi. Alikwisha mshonea jozi kumi na moja. Moyoni mwake, Fundi aliamini kwamba siku atakapopata soli yenyewe hasa, mkewe atapona.

*

"Ngapi?" aliuliza muuguzi wa kituo cha afya bila kuinua macho.

"Nne," alisema Mama Pasi.

Swali hilo, lilipokuwa jipya, lilikuwa refu na la adabu: kati ya sifuri na kumi, sifuri ikiwa huumwi kabisa na kumi ikiwa huvumilii tena, maumivu yako ni ngapi? Lakini muuguzi yule aliliuliza watu mia kwa siku. Kwanza likadondoka mwanzo, likafuata la katikati, hadi likabaki neno moja kama kifungo cha mwisho kwenye shati kuukuu. Mama Pasi hakuwahi kulikuta likiwa zima. Siku ya kwanza alipoulizwa "ngapi?" alitazama pembeni kutafuta ngapi ya nini, foleni ikamsukuma mgongoni, akashika kile anachokijua: gurudumu la pasi. Nukta nne, mwisho wa gurudumu, zaidi ya hapo hakuna. Akasema nne, akiamini ametaja mwisho wa dunia. Muuguzi akaandika nne, akiamini ametajiwa miguu iliyochoka.

Mara tatu alikuja, mara tatu ikaandikwa nne, mara tatu akatoka na panadol. Panadol zilikuwa zimejaa nyumbani kiasi kwamba wifi yake alikuwa akizipitia kila akiumwa kichwa, kama anapitia chumvi.

Safari hii alimkuta daktari mgeni, binti mwembamba mwenye viatu ambavyo Fundi, aliyemsindikiza mkewe, alivikagua kwanza kabla ya kumwamkia mwenyewe.

"Kadi inasema nne," alisema daktari.

"Nne kamili," alisema Mama Pasi kwa uzito, kama mtu anayekula kiapo.

"Nne si mbaya sana."

Mama Pasi alimtazama mumewe. Mumewe alitazama dari. Nne si mbaya! Walikuwa wameshazoea kutoaminiwa, lakini hii ya kuaminiwa halafu ukaambiwa si kitu ilikuwa mpya.

Hata hivyo binti yule alifanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya: alipiga magoti. Akamwambia mama afumbe macho, akamgusa vidole kwa ncha ya uzi mgumu. "Sema nikikugusa." Kimya. Akagusa tena. Kimya. Kisha akapitisha kipande cha tishu katikati ya unyayo, polepole, na Mama Pasi akatoa ukelele uliomwamsha mgonjwa wa nje kwenye benchi.

"Ni nini hicho, mwanangu? Sindano?"

"Ni tishu, mama." Daktari alibaki amepiga magoti kidogo. "Mguu wako unasema zaidi ya kadi yako."

Akawaeleza. Kisukari alichokuwa nacho mama kwa miaka, kabla hakijatulizwa, kilipita kwenye mishipa ya fahamu ya miguu kikaiharibu. Sasa mishipa inapeleka habari za uongo kichwani, inaripoti moto usiokuwapo. Panadol haiusikii moto wa aina hii. Kuna dawa nyingine, ambayo kwa asili ilitengenezwa kwa watu wenye huzuni iliyokomaa, ile sonona, lakini kwa kipimo kidogo inaituliza mishipa.

"Kwa hiyo si viatu?" aliuliza Fundi.

"Si viatu, baba."

Fundi akawa kama mtu aliyeibiwa.

"Kimoja kila siku jioni, wiki ya pili viwili," aliendelea daktari. "Usimeze pale inapouma tu. Kila siku, iume isiume. Itakukausha mdomo, itakupa usingizi. Ikikulevya hadi asubuhi, imeze mapema, jua likizama. Wala usiikatize ghafla. Na nikwambie ukweli, mama: wapo inaowasaidia sana, wapo inaowapunguzia nusu, na wapo inaowalevya tu basi. Hatujui wewe ni yupi mpaka wiki nne, sita zipite. Ikishindikana ipo nyingine, ya kifafa."

"Nusu?" Mama Pasi aliuliza. "Mimi nikinyoosha nusu ya shati nafukuzwa."

"Mimi nikikuondolea nusu nitacheza," alisema daktari, na hakuwa anatania.

Dirishani mtoa dawa alimpa bahasha, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma ukutani: "Mwezi wa kwanza ni wa majaribio, unatoka kwa sahihi ya daktari. Kuanzia wa pili kadi iseme tano kwenda juu." Mama Pasi alisikia hiyo tano, akajiuliza ni mtu gani huyo mwenye tano, huyo si ameshakuwa majivu. Akaona ni maneno ya dirishani tu. Akaondoka.

*

Kama kuna kitu wifi alikijua zaidi ya kula asichopika, ni kusoma visivyomhusu. Alikuja Jumapili, akakuta boksi la dawa mezani, akatoa kile kikaratasi cha ndani kilichokunjwa mara kumi na sita.

"A-mi-tri-pti-li-ni," alisoma. "Jina refu kama treni ya mizigo. Hutumika kutibu..." Akamtazama kaka yake. Akamtazama wifi yake. Uso ukamchanua. "Hutumika kutibu sonona! Yaani huzuni! Kaka, mkeo anatumia dawa kwa ajili yako!"

"Ya miguu hiyo," alisema Mama Pasi.

"Wifi, miguu inahuzunika? Ilifiwa na nani?"

"Lete hapa."

"Imeandikwa, sijatunga mimi. Miaka ishirini na tano ya ndoa, mtu anameza vidonge vya huzuni! Ndiyo maana aliacha kuja kwenye vikao vya ukoo. Kumbe ni kaka yangu anamhuzunisha."

Fundi alikuwa na sindano na uzi mkononi, yuko katikati ya jozi ya kumi na mbili. Aliviacha vyote magotini. "Nimekuhuzunisha nini?" aliuliza taratibu.

"Wewe ulikuwapo daktari alipoeleza!"

"Nilikuwapo. Lakini alisema wenye huzuni. Angeona huna, si angekupa ya wenye furaha?"

"Hakuna dawa ya wenye furaha, baba wee!"

"Basi nimeuliza tu." Akaokota sindano, na jioni yote hakuuliza iko wapi leo. Mama Pasi alimeza kidonge chake mbele yao, kwa maji mengi na hasira nyingi, na akalala kama gogo kabla wifi hajamaliza chai.

*

Gogo halikuamka. Hilo ndilo tatizo. Liliondoka kitandani, likanawa, likavaa, likafika kazini, lakini kuamka halikuamka. Mdomo ulikauka hadi ulimi ukawa unalia kaa-kaa kama ndala. Macho yaliona matundu mawili ya kifungo yakawa manne. Na miguu? Miguu iliwaka vilevile, tena sasa iliwaka mbali, kama nyumba ya jirani.

Siku ya tisa, vidonge vilipokuwa viwili, Mama Pasi alikuwa juu ya shati jeupe la mwanasheria. Alifika kwenye pindo la nyuma, akaiweka pasi, akafumba macho kidogo tu, kiasi cha kupepesa. Harufu ndiyo iliyomfumbua. Alama ilikuwa imekaa vizuri, ya rangi ya maziwa yaliyoungua, umbo lake kamili kama muhuri.

Wasichana wa kufungasha hawakuwa wameona. Pindo la nyuma huingizwa ndani ya suruali, mwanasheria angeweza kuzeeka na shati lile bila kujua. Mama Pasi alilitazama. Kisha akachukua kikaratasi, akaandika: *Pindo la nyuma limeungua, pasi, sisi.* Akalipeleka kwa Bosi mwenyewe.

Bosi alisoma. Akavua miwani.

"Huo ndio moto, mama," alisema akikifuta kioo cha kushoto. "Umeona? Una alama."

"Nimeona."

"Litakatwa kwenye mshahara. Na ile siku niliyokupa iko palepale."

Alirudi nyumbani akalitupa boksi chini ya kitanda. "Basi! Nimechoka! Moto ule ule, na sasa usingizi juu yake. Heri niungue nikiwa macho."

Fundi aliinama, akalivuta boksi kwa fimbo ya ufagio. Tangu siku ya wifi alikuwa amenuna kimyakimya, lakini kununa hakumzuii mtu kukumbuka. "Alisema usikatize ghafla. Na alisema ikikulevya hadi asubuhi, jua likizama. Wewe unameza baada ya taarifa ya habari."

"Kuna tofauti gani?"

"Sijui. Mimi ni fundi viatu. Na nasikia nahuzunisha watu."

"Mume wangu."

"Naam."

"Kama ungekuwa unanihuzunisha ningekwisha kukwambia. Mimi huwa siandiki kasoro kwa siri."

Akafikiri, akaona ni kweli. Kuanzia siku ile, jua likigusa paa la jirani, alikuwa akisimama mbele yake na kikombe cha maji, anasema, "Haya, treni ya mizigo."

*

Haikuwa siku moja. Ingekuwa siku moja ningekuelezea siku hiyo. Usingizi ulipungua kwanza, ukaanza kubaki nyumbani. Kisha wiki ya nne, akiwa kwenye joho la pili la asubuhi, Mama Pasi aligundua kwamba hajakaa tangu joho la kwanza. Alisimama akiusikiliza mguu kama mtu anayesikiliza jirani aliyezoea kugomba: mbona kimya? Hakukuwa kimya. Uliwaka bado. Lakini mtu alikuwa amelizungusha gurudumu.

"Iko wapi leo?" aliuliza Fundi jioni, kwa mara ya kwanza tangu siku ya wifi.

"Sufi."

"Sufi!" Alisimama kabisa. "Kutoka kitani?"

"Sufi, na saa nyingine pamba. Usipige makofi, haijazimika."

"Kwa hiyo nusu."

"Nusu."

Walikaa na hiyo nusu mezani kama wageni wasiomjua mwenyeji. Ilikuwa ndogo kwa miezi yote ile ya kuungua. Ilikuwa kubwa kwa mtu wa meza ya kwanza. Bosi naye alipita nyuma yake Ijumaa ile, akahesabu mashati, akahesabu tena, akasema "Hmm," na Mama Pasi akaichukua hiyo hmm akaenda nayo nyumbani.

*

"Ngapi?" aliuliza muuguzi.

"Mbili," alisema Mama Pasi, na kwa mara ya kwanza mwaka ule alitabasamu katika foleni ile.

Ilikuwa imebaki wiki moja kufika siku ya Bosi. Dawa zilikuwa zimebaki vidonge vinne. Akaipeleka kadi dirishani, akapanga foleni na mkoba tayari umefunguliwa. Mtoa dawa aliitazama kadi, akairudisha.

"Hii haitoki, mama. Mbili."

"Ndiyo, mbili. Imenisaidia."

"Hongera. Hii ni ya tano kwenda juu. Hata hiyo nne ya zamani isingetosha. Chukua panadol pale."

"Sikiliza, baba. Ilikuwa nne, sasa mbili, kwa sababu ya hii dawa. Nikiiacha inarudi nne."

"Ikirudi nne bado hufiki tano."

"Nani anafika tano? Tano iko wapi? Mwisho si nne?"

Mtoa dawa alimtazama kwa makini. "Mwisho kumi, mama. Sifuri hadi kumi. Miaka yote ni kumi."

Mama Pasi alishika ukingo wa dirisha. Kitu kilimshuka kutoka kichwani hadi nyayoni, na huko nyayoni kilikuta moto. Mwaka mzima. Panadol za kulisha kijiji. Kidole cha Bosi kwenye kisigino chake, yote kwa sababu ya gurudumu la pasi.

"Basi haikuwa nne," alisema. "Ilikuwa kumi. Andika kumi."

"Aa-aa," alisema mtoa dawa, na akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Wote wakikosa dawa wanapanda. Juzi mmoja alipanda kutoka tatu hadi kumi na moja."

"Mimi sipandishi! Muulize mtu yeyote!"

"Nimuulize nani, mama? Kuna watu nyuma yako."

Kulikuwa na watu nyuma yake, na walikuwa wanatazama, na kutazama kwenyewe ni kule kule kwa Bosi: sioni doa. Mwanamke aliyeandika kasoro za nguo za nusu ya mji bila kuongeza uzi, alikuwa amesimama mbele ya umati kama mwongo wa vidonge. Alirudi kwa muuguzi. Muuguzi akasema kadi haifutwi. Akaenda mlango wa daktari. Mlango ukasema daktari ana watu, subiri. Fundi, aliyekuwa kwenye benchi, alisikiliza yote, akainuka, akatoka.

Alirudi baada ya saa nzima, amelowa jasho, na pasi kuukuu imefungwa ndani ya kanga kama mtoto mchanga. Walipoingia kwa daktari hakuamkia. Aliifungua kanga mezani, juu ya mafaili.

"Tazama hapa, daktari. Hesabu mwenyewe."

Daktari alihesabu zile nukta. Moja, mbili, tatu, nne. Alianza kucheka, kisha akaivuta kadi, akaona nne, nne, nne, nne, na kicheko kikamwishia njiani.

"Hakuna aliyekwambia kumi?"

"Mimi niliulizwa ngapi," alisema Mama Pasi. "Nikajibu ngapi."

Daktari alitoa kadi mpya. Akaandika kumi mahali pa nne zote, akatia sahihi kila mstari, akamwita muuguzi. "Sasa mama, kwa kipimo cha kumi, leo ni ngapi?"

Mama Pasi alitazama pasi. Mbili kati ya nne. Alipiga hesabu kama anayekata kitambaa. "Tano."

"Tano," alisema daktari, akapumua. "Imetosha. Dawa inatoka."

"Na ikishuka zaidi? Ikawa nne?"

Daktari alifunika kalamu yake. "Sheria ya dirishani si yangu. Nimeshaandika barua, sijajibiwa. Ikiwa nne haitoki."

"Isipotoka inapanda."

"Ikipanda inatoka."

Fundi aliifunga pasi yake ndani ya kanga. "Kwa hiyo, mke wangu," alisema, "pona. Lakini usipone sana."

Kwenye benchi la nje, dereva mmoja wa lori aliyekuwa amesikia yote alimgusa muuguzi bega. "Sista, samahani. Mimi ile tano yangu nilidhani ni gia ya mwisho."

Muuguzi aliweka kalamu chini.

*

Mwisho wa mwezi Bosi alikuja kwenye meza ya kwanza na miwani yake, akasimama, akamwangalia akimaliza gauni la mikunjo mia bila kukaa. "Kumbe ulikuwa unaweza," alisema. Hakuna kikaratasi kinachotosha kuandika kasoro za sentensi ile, na Mama Pasi hakujaribu. Alinyunyizia maji, akaendelea.

Wiki tatu baadaye alirudi kituoni kuchukua dawa za mwezi uliofuata. Asubuhi ile, akiwa amevaa jozi ya kumi na mbili, alikuwa ametembea njia nzima akiwaza nini cha kununua sokoni, na alipofika mlangoni ndipo alipokumbuka kwamba ana miguu. Aliisikiliza. Ilikuwapo, inavuma chini chini. Alipima kwa uangalifu, mara mbili, kama anavyopima doa kabla ya kuliandika. Haikuwa tano. Ilikuwa nne, nne ya kweli, ya kwanza katika maisha yake.

Muuguzi aliinua macho. Siku hizi aliinua.

"Karibu, mama. Kati ya sifuri na kumi, sifuri ikiwa huumwi kabisa na kumi ikiwa huvumilii tena, maumivu yako leo ni ngapi?"

Lilikuwa swali zuri. Lilikuwa na kola, lina mikono, lina vifungo vyote. Nyuma ya muuguzi, dirishani, mtoa dawa alikuwa anasubiri kadi.

Mama Pasi alimeza mate, kidogo aliyokuwa nayo.

"Tano," alisema, na kwa mara ya kwanza akatazama chini wakati mtu anamwandikia.